Kiraka Kinamsitiri Nani?

Tangu Kwaresima akina mama wa mtaa wetu wamekuwa wakikusanya nguo kuukuu: kanga zilizopauka, mashuka yaliyochakaa katikati, mashati yaliyolika kola, na vipande vinavyobaki chini ya meza za mafundi cherehani. Wanavifua, wanavianika juani, wanavichambua, na kila Alhamisi alasiri wanakaa pamoja kuvishona. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini imezua mazungumzo nje ya kanisa baada ya ibada, na mazungumzo hayo hayajesha. Wako wanaosema kwamba katika nguo hizo washonewe sare watoto ambao wazazi wao hawana uwezo, maana mtoto asiye na shati hana haja ya kuuliza shati limetoka wapi. Wengine wanajibu kwamba kumvika mtoto wa maskini viraka ni kumwandika umaskini mgongoni, ili hata asiyemjua amjue.

Pande zote mbili zinasema kwa upendo, na kila upande una sehemu yake ya kweli. Kwa hiyo tumeona yafaa kulitazama swali lenyewe polepole, kama tulivyozoea kufanya darasani sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu. Swali ni hili: tunapomshonea mwenzetu nguo kutokana na nguo kuukuu, je, tunamsitiri yeye, au tunajisitiri sisi wenyewe?

Tuanze na neno. Hapa pwani hatusemi tu kwamba nguo hufunika mwili. Twasema nguo ni stara. Kufunika ni kazi ambayo hata gunia huiweza. Kusitiri ni zaidi ya hapo: ni kuuhifadhi udhaifu wa mtu usionekane na kila apitaye, ili aweze kwenda sokoni, shuleni na kanisani na uso wake ukiwa mzima. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtu akafunikwa asisitiriwe. Tena yawezekana nguo ile ile iliyomkinga na baridi ikamtoa mbele za watu akiwa uchi kuliko alivyokuwa kwanza.

Watu wa Bagamoyo wana sababu ya kulielewa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia hapa, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa nguo, na watawala wa bara walilipwa hongo kwa nguo. Nguo ilipimwa kwa mkono, shuka na doti, doti moja ikiwa ni shuka mbili, na mpaka leo kanga twazihesabu kwa doti. Iliyopendwa sana ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake latuonyesha kilikotoka. Kitambaa hicho kilinunua pembe za ndovu, na kwa huzuni twakumbuka kwamba kilinunua na watu pia.

Ng'ambo ya pili, Unguja, nguo ilisema cheo cha mtu kabla hajafungua kinywa. Watumwa walivaa merikani, au kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu iliyokoza. Utumwa ulipoondolewa kisheria huko mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliacha kaniki wakavaa kanga. Hawakuiacha kaniki kwa sababu haikufunika mwili. Ilifunika vizuri, tena haikuonyesha uchafu upesi. Waliiacha kwa sababu ilisema juu yao jambo ambalo hawakutaka lisemwe tena. Basi anayesema kwamba maskini anachohitaji ni kitambaa tu, na mengine ni majivuno, na awakumbuke wanawake wale. Wengi wetu ni wajukuu na vitukuu wa watu wa namna hiyo.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba nguo kuukuu, au nguo ya kuungaunga, ni aibu. Hiyo kanga yenyewe, vazi letu la heshima, husimuliwa kwamba ilizaliwa na mshono. Wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa zikiuzwa kwa mfululizo. Wakachukua sita, wakazikata katikati, tatu na tatu, wakaziunga pamoja wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara walipoona inapendwa ndipo walipoagiza ipigwe chapa ikiwa nzima.

Na katika nyumba zetu tunaijua safari ya kanga. Huanza ikiwa mpya, ya kutokea. Ikipauka kidogo huwa ya nyumbani. Ikilainika huwa mbeleko. Na ikilainika zaidi ndipo inapofaa kumpokelea mtoto mchanga, kwa maana kitambaa kipya kina ugumu ambao ngozi changa haiuwezi. Baada ya hapo huchanwa kuwa winda, kisha kata ya kuwekea ndoo kichwani, kisha dekio, na zamani kilichobaki kilisokotwa kuwa utambi wa koroboi. Hakuna hata hatua moja katika safari hiyo iliyo ya aibu. Hakuna bibi aliyelia kwa sababu mjukuu wake alipokewa kwa kanga kuukuu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Basi aibu imetoka wapi? Tukitazama vizuri tutaona kwamba katika safari ile ya kanga nguo haikutoka ndani ya nyumba. Aliyeivaa ndiye aliyeikata, na aliyepewa alikuwa mwana wake. Wote walikuwa chini ya paa moja. Aibu haimo katika uzee wa kitambaa. Huingia pale nguo inapotoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na yule wa pili hana la kusema.

Wazee watalikumbuka jina tuliloziita nguo za namna hiyo kabla neno mitumba halijaenea. Tuliziita kafa Ulaya. Watu walisema kwa mzaha kwamba mwenyewe amekufa huko, ndiyo maana nguo zake zimetufikia. Ndani ya mzaha huo lilikuwamo swali la haki: kama mwenyewe hakufa, kwa nini ameitoa?

Hatuzitukani nguo hizo. Baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Iddi Amin, bidhaa ziliadimika nchini, na watu walipanga foleni kutafuta kitambaa. Serikali ilipoanza kulegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984 na miaka iliyofuata, mitumba iliwavika watu wengi, na mpaka leo inawalisha wengi wanaoiuza. Lakini kila jambo lina upande wake wa pili. Viwanda vyetu vya nguo, kama kile cha Urafiki pale Ubungo kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilidhoofika kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba havikuweza kushindana na nguo ambayo huko ilikotoka ilikwisha kutupwa.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka iishe. Wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani walilalamika kwa serikali yao. Rwanda iliposhikilia ushuru wake mkubwa, mwaka 2018 nguo zake ziliondolewa katika nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru. Nchi nyingine, yetu ikiwamo, zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Tutafakari jambo hilo. Ijapokuwa mitumba huuzwa, wala si zawadi, mpokeaji alikuta kwamba hana hata uhuru wa kusema, "Ahsante, yatosha." Basi tukilalamika jambo hilo linapofanywa kati ya mataifa, tusije tukalifanya sisi kwa sisi katika mtaa wetu, kati ya nyumba yenye bati na nyumba yenye makuti.

Sasa tuutazame mfano wa mbali kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza, nchi tajiri, iliweka mgawo wa nguo kuanzia Juni 1941 hata Machi 1949. Hata mwenye fedha hakuweza kununua zaidi ya kiasi alichopangiwa. Serikali yenyewe ikawahimiza watu kutia viraka, kugeuza kola, na kushona nguo za watoto kutokana na makoti ya wakubwa. Katika miaka hiyo kiraka hakikumfedhehesha mtu, maana jirani yake naye alikuwa nacho. Nasi tuliokuwa vijana hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 twakumbuka hivyo hivyo. Suruali yenye kiraka haikuchekwa wakati ambapo mwalimu, karani na mvuvi wote walikuwa na viraka. Kilichobadilika baadaye si kiraka. Kilichobadilika ni kwamba mmoja amebaki nacho peke yake.

Na kama Uingereza ni mbali, na twende ufukweni hapa Bagamoyo, au Mlingotini, au Kunduchi, ngalawa zinaporudi. Tutaona matanga yaliyoungwa kwa vipande vya kila namna, na mara nyingine kiraka kimetokana na gunia. Hatujapata kumsikia mtu akilicheka tanga hilo. Kiraka cha tanga kinaonekana toka mbali, kuliko kiraka cha shati, lakini hakimwaibishi mtu, kwa kuwa waliomo chomboni wote wanachukuliwa nacho. Kikiachia, nahodha na baharia wake wamo katika hatari moja. Hapo ndipo tunapoona kanuni tuliyokuwa tukiitafuta: kiraka kinachotubeba sote ni stara, na kiraka anachovishwa mmoja huku wengine wakimtazama ni fedheha, hata kama mshono wake ni mzuri na mkono uliokishona una huruma.

Maandiko nayo yana fundi wake. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9, tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona. Mara nyingi tumehubiriwa juu ya ukarimu wake. Lakini tuangalie neno dogo ambalo mwandishi hakuliacha: anasema nguo hizo alizishona alipokuwa pamoja nao. Hakuwapelekea wajane furushi. Alikaa nao. Wala wajane hawakuzificha nguo zile mbele ya mgeni mkubwa kama Petro, walizionyesha. Nguo ya fedheha mtu haionyeshi.

Yako maneno matatu ambayo wenzetu watatujibu, na yafaa tuyasikilize.

La kwanza, watasema: mwenye shida hachagui. Ni kweli, mara nyingi hachagui. Lakini kwa sababu yeye hawezi kuchagua, sisi tunaomchagulia tumebeba mzigo mkubwa zaidi. Mwenye uwezo akichagua vibaya dukani, hasara ni yake. Tukimchagulia mtoto wa mwenzetu vibaya, hasara ni ya mtoto, naye ataibeba darasani kila siku kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

La pili, watasema: ninyi mnaongea habari za heshima wakati mtoto anabaki nyumbani kwa kukosa sare. Neno hili ni zito. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2001, na mwaka 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Lakini sare bado ni juu ya mzazi, na mzazi mwenye watoto wanne akifika Januari huona giza. Hatusemi basi kwamba mtoto angoje mpaka tumalize kufikiri. Tunasema kwamba apate sare, lakini iwe sare kweli. Neno lenyewe latuambia: sare ni kuwa sawa. Shati la mtoto lililotokana na shuka lenye maua, katika mstari wa mashati meupe, si sare.

La tatu ni la mafundi wetu, ijapokuwa wao hawakulisema kwa sauti. Fundi mwenye cherehani ya miguu barazani hungoja Januari kama mkulima anavyongoja masika. Tukigawa sare za bure arobaini, tumewavika watoto arobaini, na pengine tumemnyima fundi mmoja karo ya wanawe. Huruma isiyotazama pembeni humkanyaga mtu aliyesimama karibu.

Kwa hiyo, tufanye nini na vitambaa vilivyojaa chumba cha mikutano? Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, vitu vya viraka vianze katika nyumba zetu sisi tunaovitoa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na kila nyumba inahitaji mfuko wa kwendea sokoni. Vipande vya kanga vikiungwa na kutiwa bitana ya shuka kuukuu hutoa mfuko wenye nguvu. Wazee wa kanisa waubebe, mke wa padre aubebe, wenye magari waubebe, na mjane aubebe. Hivyo hivyo mifarishi ya viraka, foronya, na vitambaa vya kushikia sufuria. Vitakavyozidi viuzwe, hata kwa wageni wanaokuja kutazama magofu ya Kaole na majumba ya kale ya mjini. Fedha itakayopatikana inunue kitambaa kipya cha sare, nacho kishonwe na mafundi wetu kwa malipo ya haki.

Pili, liwepo kabati moja la sare, na sheria yake iwe kwamba kila nyumba yenye mtoto wa shule ilete, na kila nyumba iweze kuchukua. Watoto wote hukua, na sketi ya mwaka jana ya binti wa daktari haina tofauti na ya binti wa mvuvi. Mwenye uwezo akichukua pia kutoka katika kabati hilo, amefanya sadaka kubwa kuliko aliyeleta nguo kumi kisha akasimama kando. Maana amemwondolea mwenzake macho ya watu.

Tatu, tufundishe sindano. Shule ya wasichana ya Misheni ya UMCA huko Mbweni, Unguja, ilipowapokea wasichana waliookolewa katika utumwa, haikuwavika tu. Iliwafundisha kusoma, na iliwafundisha kushona. Nasi tuwafundishe vijana wetu, wasichana kwa wavulana. Hapa pwani hakuna sababu ya mvulana kuona haya, maana matanga hushonwa na wanaume, na barazani mafundi cherehani wengi ni wanaume.

Na katika kufundisha tusiseme tu kwamba kushona ni kuzuri, tuonyeshe namna. Shuka huchakaa katikati: lipasuliwe kwa urefu, kingo mbili za nje ziungwe ziwe katikati, na penye kuchakaa pawe pembeni, kisha papindwe. Kitambaa kipimwe kwa kukiinua kwenye mwanga. Kikionyesha jua kama chandarua, hicho ni cha dekio, si cha nguo. Mishono ya zamani ifumuliwe, isikatwe, ili kitambaa kisipungue bure. Kiraka kifuate mwelekeo wa nyuzi za nguo, na kiwe kipana kupita tundu, kishike penye uzima.

Tena kiraka kipya kifuliwe kabla ya kutiwa. Bwana wetu aliposema habari za kiraka kipya katika vazi kuukuu, alisema jambo ambalo kila mshonaji analijua: kisipofuliwa kwanza, kitasinyaa baadaye na kuivuta nguo hata ipasuke zaidi. Msaada nao ni hivyo. Ukitoka kwa mtu ambaye hajapita katika maji waliyopita wenzake, huweza kupasua pale ulipokusudia kuziba.

Basi tukirudi kwenye swali letu, jibu tunaloliona ni hili. Kiraka humsitiri anayekivaa iwapo aliyekishona yuko tayari kuketi karibu naye akiwa amevaa kitambaa kile kile. Pasipo hivyo, humsitiri mtoaji tu, maana huificha dhamiri yake isione kwamba alichotoa ni kile asichokihitaji tena.

Kikao cha Alhamisi kinaendelea, saa tisa alasiri, katika chumba cha mikutano. Mikasi ni michache, kwa hiyo mwenye mkasi aje nao. Anayeleta nguo, tunamwomba asiiache mlangoni akaenda zake. Aingie, aketi, achukue sindano.